Kabla ya Moshi, Tuulize Maji ya Kupozea

Miezi sita ya kwanza baada ya kumaliza chuo niliipitisha katika mtambo mmoja wa umeme wa mvuke uliojengwa ufukweni mwa Ghuba, kule Uarabuni, na kazi niliyopewa ilikuwa ya ngazi ya chini kabisa: kushinda kwenye chujio la maji ya bahari na kuhakikisha kwamba halizibwi na takataka. Chujio hilo lilikuwa ukanda mpana wa wavu wa chuma uliozunguka polepole kutoka chini ya maji hadi juu ya sakafu, ukipanda na kila ulichokinasa, kisha maji ya kasi yakaupiga kwa nyuma na kuviangusha vilivyonaswa kwenye mfereji wa saruji. Katika zamu za usiku, hasa siku za bamvua, maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana, mfereji ule ulijaa dagaa, kamba, kaa wadogo kama vifungo vya shati, yavuyavu, na samaki wachanga wa aina ambazo sikuzijua majina. Wengi walikuwa bado hai. Nakumbuka kuinama na kumwokota changu mmoja asiyezidi urefu wa kidole, magamba yamemtoka upande mmoja pale alipobanwa na wavu, mdomo wake ukifunguka na kufumba. Mfereji ule haukuelekea baharini. Ulielekea kwenye kontena la taka.

Nilimuuliza msimamizi wangu, fundi hodari na mtu mwema, kwa nini samaki walio hai wasirudishwe majini ilhali bahari iko hatua thelathini tu. Akanijibu kwamba bomba la kuwarudisha lilikuwemo kwenye michoro ya awali, likaondolewa ili kupunguza gharama, na kuliongeza sasa kungehitaji kuvunja ukuta wa gati na kusimamisha mtambo. Jibu hilo sijalisahau, na kwa namna fulani kila nilichojifunza baadaye kuhusu maji ya kupozea mitambo kimekuwa ni ufafanuzi wa jibu hilo.

Mimi ni mtu wa Pate, kisiwa cha Lamu, na ami yangu ametega malema (mitego ya samaki; mmoja huitwa dema) tangu sijazaliwa. Zamu moja ya usiku pale Ghuba ilijaza kontena ambalo ami asingelijaza kwa mwezi mzima, na hakuna hata mmoja kati ya samaki wale aliyeliwa na mtu. Ndiyo maana naliandika jambo hili kwa uchungu, ingawa nitajitahidi kuliandika kwa utaratibu.

Mtambo wa mvuke, uwe wa makaa ya mawe, wa mafuta, au wa nyuklia, hufanya kazi ile ile: huchemsha maji, mvuke wake huzungusha turbini, na turbini huzungusha jenereta. Mvuke ukishatoka kwenye turbini ni lazima urudi kuwa maji ili upigwe tena kwenye bwela, yaani tangi la kuchemshia, na hapo ndipo linapohitajika joto lake liondolewe. Huondolewa katika chumba kiitwacho kondensa, chenye maelfu ya mabomba membamba. Mvuke hupita nje ya mabomba na maji baridi hupita ndani. Mama anayefunika sufuria ya wali anaiona kanuni hiyo kila siku, pale mvuke unapogusa mfuniko usio moto na kudondoka kama matone. Tofauti ni kiasi. Katika mtambo wa nyuklia, kwa kila sehemu tatu za joto linalozalishwa, moja tu hugeuka umeme na mbili hutupwa kupitia maji ya kupozea. Mitambo ya makaa hutupa kidogo pungufu majini, kwa sababu ina ufanisi zaidi na sehemu ya joto lake hutoka na moshi.

Tufanye hesabu ndogo. Mtambo wa nyuklia wa megawati 1,000 una takriban megawati 2,000 za joto la kutupa. Tukiamua kwamba maji ya bahari yaingie, yachukue joto hilo, na yatoke yakiwa yameongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, tutahitaji karibu tani 50 za maji kila sekunde. Hayo ni madumu 2,500 ya lita 20 kwa kila sekunde moja, usiku na mchana, kaskazi na kusi, kwa miaka arobaini au zaidi. Watu wengi niliowasomea hesabu hii kule kwetu walidhani nimekosea nukta.

Kiasi hicho huleta madhara ya aina mbili, na kwa maoni yangu moja husemwa kupita kiasi na jingine husahauliwa. Linalosemwa ni joto la maji yanayotoka. Linalosahauliwa ni uhai uliomo katika maji yanayoingia. Samaki wakubwa kiasi hunasa kwenye wavu, kama yule changu wangu. Lakini mayai ya samaki, mabuu ya kamba na kaa, na viumbe wengine wasioonekana vizuri kwa jicho hupenya wavu bila kizuizi, hupigwa na pampu, hubanwa ndani ya mabomba ya kondensa, hupashwa joto la ghafla, na mara nyingi hukutana na klorini iliyotiwa ili chaza na kome wasiote ndani ya mabomba. Upande wa pili hutoka maji yanayoonekana safi kabisa. Mtu akisimama pale yanapomwagika haoni mzoga hata mmoja, kwa kuwa vilivyokufa havikuwahi kufikia ukubwa wa kuwa mzoga.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Brayton Point, kituo cha makaa kilichokuwa katika mji wa Somerset, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kando ya ghuba ndogo ya Mount Hope. Kilianza kazi mwaka 1963 na kikakua hadi kupita megawati 1,500. Kizio chake cha nne, yaani seti ya nne ya bwela, turbini na jenereta, kilipojengwa miaka ya 1970 kilikuwa na mfumo wa kuzungusha maji yale yale. Mwaka 1984 kikabadilishwa, kikaanza kuvuta maji ya ghuba moja kwa moja na kuyatupa, na kiasi cha maji kilichovutwa na kituo kizima kikaongezeka sana. Karibu wakati huo huo samaki wakapotea. Mtaalamu wa uvuvi wa jimbo jirani la Rhode Island, Mark Gibson, alipochambua kumbukumbu mwaka 1996, aliona kwamba wingi wa samaki katika ghuba ile ulikuwa umeshuka kwa asilimia 87, wakiwemo samaki bapa wa majira ya baridi ambao wavuvi wa pale waliwategemea. Kituo kilikuwa kikivuta karibu galoni bilioni moja kwa siku, yaani karibu mita za ujazo milioni 3.8, kutoka ghuba isiyo na kina, na kuyarudisha yakiwa na joto lililoweza kufika nyuzi 35.

Kilichofuata kinafaa kusomwa polepole na kila mtu anayepanga kujenga mtambo pwani. Mwaka 2003 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilitoa kibali kipya kilichotaka maji yanayovutwa yapunguzwe kwa takriban asilimia 94 na joto linalotupwa kwa takriban asilimia 96, jambo lisilowezekana ila kwa minara ya kupozea. Wamiliki wakapinga, kesi ikachukua miaka, na makubaliano yakapatikana mwishoni mwa mwaka 2007. Ikajengwa minara miwili ya saruji yenye urefu wa takriban mita 150 kila mmoja, kwa gharama iliyozidi dola milioni 500, nayo ikawa kazini kufikia mwaka 2012. Mwaka 2017 kituo chote kikafungwa kwa sababu za biashara. Aprili 2019 minara ile ikalipuliwa, ikaanguka kwa sekunde chache mbele ya watu waliokusanyika kutazama. Ghuba ya Mount Hope ilisubiri zaidi ya robo karne kupata nafuu iliyotumika kwa miaka mitano tu.

Sisemi kwamba minara ile ilikuwa kosa. Nasema ilichelewa. Kama kizio cha nne kingeachwa na mfumo wake wa kwanza, na vizio vitatu vya mwanzo vikajengewa mfumo kama huo, fedha zingetumika kidogo na samaki wasingelipa deni hilo. Msimamizi wangu kule Ghuba alikuwa ameniambia jambo lile lile kwa maneno mafupi zaidi.

Basi mnara wa kupozea hufanya nini? Maji moto kutoka kwenye kondensa hupandishwa juu na kunyunyizwa kama mvua ndani ya mnara, huku hewa ikipanda kutoka chini. Sehemu ndogo ya maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Iliyobaki hudondoka ikiwa imepoa na kurudi kwenye kondensa. Kwa mtambo wetu wa megawati 1,000, badala ya tani 50 kila sekunde sasa zingehitajika tani moja au mbili, za kufidia zilizogeuka mvuke na zile zinazotolewa ili chumvi isijikusanye. Mtungi uliotundikwa barazani hupoa kwa sababu hiyo hiyo: maji yanayopenya udongo wake na kukauka huondoka na joto la yaliyobaki.

Mnara una gharama zake na sitaki kuzificha. Hula sehemu ya umeme wa mtambo. Ukitumia maji ya bahari, matone ya chumvi hupeperushwa na upepo na kutua juu ya mashamba na mabati ya watu. Maji machache yanayotolewa huwa yamekolea chumvi na dawa, kwa hiyo nayo yahitaji usimamizi. Tena, mnara hupoteza maji mengi zaidi kwa kuyageuza mvuke kuliko mfumo unaovuta na kurudisha, na hilo ni jambo zito mahali ambapo mto ni mdogo na watu ni wengi. Ukiwa kando ya bahari, kupotea kwa maji si hoja. Hoja ni mayai na mabuu. Ukiwa bara, mizani inageuka. Kwa hiyo mtu anayeleta jibu moja kwa kila mahali hajaangalia mahali.

Pale ambapo mtambo umeshajengwa na mnara hauwezekani, zipo hatua za kupunguza madhara, na nyingine si ghali. Ya kwanza ni mwendo wa maji mlangoni. Samaki mdogo anaweza kuogelea na kutoroka iwapo maji yanaingia kwa upole. Kanuni za Marekani za mwaka 2014 zinataja mwendo usiozidi futi nusu kwa sekunde, yaani karibu sentimita 15, kuwa mojawapo ya njia zinazokubalika. Mwendo hupunguzwa kwa kupanua mlango, ndiyo maana ni rahisi kuchora na ni vigumu kurekebisha. Mlango ukiwa mbali baharini na ukaelekea juu, huwekewa kifuniko bapa ili maji yaingie kwa ubavu, kwa kuwa samaki huhisi mkondo wa kulala na kuukimbia lakini hawautambui ule unaowavuta wima. Kifuniko cha namna hiyo kimetumika California tangu miaka ya 1950. Kuna nyavu za nyaya zenye nafasi za milimita moja au mbili zinazozuia hata mabuu kadhaa, ingawa katika bahari ya joto kama yetu huota chaza upesi na zataka kusafishwa daima. Na kuna ndoo ndogo zilizofungwa kwenye ukanda wa chujio, zenye maji ndani yake, zinazombeba samaki akiwa majini badala ya kumkausha kwenye wavu, kisha humwagwa kwa maji ya msukumo mdogo kwenye bomba la kurudi baharini. Kuhusu klorini, nimeona kwa macho mipira ya sponji ikipitishwa ndani ya mabomba ya kondensa ili kuyasugua. Mipira hiyo hunaswa upande wa pili na kurudishwa mwanzo, na dawa inayohitajika hupungua sana. Nilipenda kuishika mkononi, milaini na imechakaa kwa kazi.

Bahari nayo huwajibu wenye mitambo. Agosti 2025 kundi kubwa la yavuyavu liliziba machujio ya kituo cha nyuklia cha Gravelines, kaskazini mwa Ufaransa, na vinu vinne vikasimama. Kiangazi cha mwaka 2022 vituo kadhaa vya nchi hiyo hiyo, kando ya mito ya Rhône na Garonne, vilihitaji ruhusa maalumu ya kutoa maji yenye joto kupita kawaida, kwa kuwa mito yenyewe ilikuwa imepata joto kabla ya kufika mlangoni. Mhandisi anayedhani suala hili ni la wapenda samaki peke yao naomba akumbuke vinu vile vilivyozimika.

Sasa nirudi kwenye joto, kwa kuwa kwetu lina uzito wa pekee. Katika bahari za baridi, samaki ana nafasi kabla ya kufikia ukomo wa joto analolistahimili. Katika bahari zetu viumbe vingi huishi karibu na ukomo huo tayari. Matumbawe yakipata joto la nyuzi moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha majira ya joto, kwa majuma kadhaa, huanza kupauka. Mwaka 1998 tuliliona hilo kuanzia Kenya hadi Tanzania, na baadhi ya miamba haijarudi ilivyokuwa. Hata hivyo mwongozo wa Benki ya Dunia wa mwaka huo huo wa 1998, ambao umenakiliwa katika tathmini nyingi za mazingira, uliruhusu ongezeko la nyuzi 3 kwenye ukingo wa eneo la kuchanganyikia, yaani sehemu inayoachwa maji moto yachanganyike na ya bahari, na pasipowekwa eneo hilo, umbali wa mita 100. Nyuzi 3 zinaweza kuvumilika kwenye mlango wa mto wa Ulaya. Juu ya mwamba wa Watamu au kwenye nyasi za bahari za Manda ni kiwango kisichofaa, na mtaalamu anayekinakili bila kuuliza ni bahari ipi anatenda uzembe.

Tunao ushahidi kutoka bahari yenye joto. Kusini mwa Miami, kituo cha Turkey Point kilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kumwaga maji moto katika ghuba ya Biscayne, mahali penye mikoko na nyasi za bahari zinazofanana sana na zetu, na nyasi zilizokuwa karibu na mdomo wa mfereji zikafa. Serikali ya Marekani ikawashtaki wamiliki mwaka 1970. Suluhisho likawa kuchimba mifereji ya kupozea, jumla ya karibu kilomita 270, ikizunguka katika eneo la takriban hekta 2,400, ili maji yapoe kwa jua na upepo na kurudi bila kugusa ghuba. Kwa ghuba ilikuwa nafuu kubwa. Hata mamba wa Marekani, aliyekuwa hatarini kutoweka, alianza kutaga kwenye kingo za mifereji mwishoni mwa miaka ya 1970 na akaongezeka.

Lakini mifereji ile haikusakafiwa. Maji yalipokauka kwa jua mwaka baada ya mwaka, chumvi ikabaki, maji yakawa mazito kuliko ya bahari, yakazama katika mwamba wa chokaa wenye vinyweleo na kusambaa kuelekea magharibi kwa kilomita kadhaa ndani ya tabaka la maji ya chini ya ardhi, tabaka lile lile ambalo watu wa kusini mwa Florida huchota maji yao ya kunywa. Leo wanatumia visima kuyanyonya maji hayo ya chumvi na kuyazuia. Mwaka 2014 mifereji yenyewe ilipata joto kiasi kwamba kikomo cha maji ya kuingia mtamboni kilibidi kipandishwe hadi nyuzi 40. Mtu wa Lamu akisoma habari hii hawezi kutulia, kwa kuwa visima vya Shela navyo hutegemea maji matamu yaliyolala chini ya michanga karibu na bahari.

Ndipo ninapofika Kwasasi. Mpango wa kituo cha makaa cha megawati 1,050 pale Lamu ulipata leseni ya mazingira mwaka 2016, na Juni 2019 mahakama maalumu ya masuala ya mazingira ya Kenya ikaibatilisha, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nilihudhuria vikao vya mtaani wakati ule nikiwa likizo. Tulizungumza sana kuhusu moshi na majivu, na tulikuwa na haki. Lakini mpango ulikuwa uvute maji ya bahari na kuyarudisha yakiwa moto, katika maji yenye kina kifupi, katika kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ambako tafi hula nyasi za bahari na nguva wachache waliobaki huzitegemea nyasi hizo hizo. Juu ya hilo maneno yalikuwa machache. Mzee mmoja wa Faza peke yake ndiye aliyesimama na kuuliza: maji hayo, siku za maji mafu, yatakwenda wapi?

Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoyasikia, na bado naliona hivyo. Michoro ya kompyuta inayoonyesha maji moto yakitawanyika hutegemea mkondo. Siku za bamvua mkondo ni mkali na maji moto huchukuliwa mbali. Siku za maji mafu mkondo huwa dhaifu nayo hubaki pale pale, yakijilundika juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na maji yakipwa mchana wa kaskazi jua nalo huongeza lake. Tathmini inayotoa wastani wa mwezi huificha siku hiyo. Samaki hafi kwa wastani.

Baadaye yalikuja mazungumzo ya mtambo wa nyuklia wa megawati 1,000 pale Uyombo, Kilifi, jirani na Watamu na kijito cha Mida. Wakazi waliupinga kwa nguvu mwaka 2024, kisha mpango ukaelekezwa Siaya, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Sina chuki na nyuklia. Nchi inahitaji umeme na mimi nimekula mkate wa kazi hiyo. Ila hesabu ya madumu 2,500 kwa sekunde itakwenda Siaya kama ilivyo. Ziwa lile ni pana lakini si refu kwenda chini, wastani wa kina chake ni karibu mita 40 tu, na kwenye ghuba ya Winam ni kifupi zaidi. Joto na mbolea inayotiririka kutoka mashambani tayari vinalifanya lichanue mwani wa kijani. Gugu maji nalo lilisumbua milango ya maji ya Owen Falls kule Jinja miaka ya 1990, na hakuna sababu ya kuamini kwamba litauheshimu mlango mwingine. Mahali kama hapo naona mnara wa kupozea uwe sharti la kibali tangu siku ya kwanza.

Waafrika wenzetu wameshaonyesha kwamba maji yanaweza kuachwa karibu kabisa. Kituo cha Matimba huko Lephalale, Afrika Kusini, chenye takriban megawati 4,000, hupoza mvuke wake kwa hewa inayopulizwa na feni kubwa juu ya mabomba yenye mapezi, kama rejeta ya gari, na hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya maji ambayo kituo chenye minara ya kawaida kingetumia. Siku za joto kali hupoteza sehemu ya nguvu zake, na feni hula umeme, lakini kilijengwa katika nchi kame na wajenzi waliikubali hasara hiyo kwa kuijua. Kwetu Olkaria minara hujazwa na maji yanayotokana na mvuke wenyewe wa ardhini baada ya kupozwa, bila kutegemea mto. Pangaboi za umeme wa upepo kule Turkana hazihitaji hata tone la kupozea.

Yatakapokuja mapendekezo mengine, na yatakuja, ningeomba wenzangu wa pwani na wa ziwani wayashike machache na kuyauliza kabla ya mengine yote: ni tani ngapi kwa sekunde zitavutwa, na kwa mwendo gani mlangoni, miezi ipi samaki wa hapo hutaga, na je, pampu zitapunguzwa mwendo miezi hiyo, samaki wanaonaswa watarudi kwa njia gani, joto litakuwaje siku ya maji mafu wakati wa kaskazi, si kwa wastani, klorini kiasi gani, na nani atapima. Na kama mnara umekataliwa, hesabu ya kuukataa iko wapi, na je, thamani ya samaki imeandikwa ndani yake au imeachwa sifuri?

Swali la nani atapima limenihangaisha zaidi ya yote. Ghuba ya Mount Hope ilipata haki kwa kuwa watu walikuwa wamehesabu samaki kwa miaka mingi kabla na baada ya 1984, hivyo Gibson alikuwa na kitu cha kuchambua. Manda hatuna daftari la namna hiyo. Kwa hiyo mwaka jana nilimnunulia ami kipimajoto cha maji, tukakifunga kwa kamba kwenye dema moja analolitega karibu na nyasi, na kila anapolipandua husoma namba na mpwa wangu huiandika: tarehe, hali ya maji, joto, na walionasa. Kurasa kumi na nne zimejaa. Safu ya mwisho ilikuwa ni ya maelezo na nilidhani itabaki tupu, lakini ami huisemea kila mara, na juma lililopita alimwambia kijana aandike hivi: maji mafu, mchana, nyuzi 31, tafi wamehamia mkondoni, dema tupu.